Gitaa Ndogo za Zamani ama Kopi Mpya? Soma Hii Kabla Umwage Doh

Kuna ile sini kwa The Hateful Eight, filamu ya Quentin Tarantino ya 2015, ambayo wasee wengi wameicheki bila kujua wanatazama hasara ya ukweli. Jennifer Jason Leigh ameketi, anaimba polepole na gitaa ndogo. Kurt Russell anakuja, anamnyang'anya, anaigonga kwa nguzo mpaka inabaki kuni. Leigh anapiga nduru na kuangalia kando ya kamera kama mtu anatafuta mwenye atamsaidia. Hapo hakuwa anaigiza. Ile gitaa ilikuwa Martin ya miaka ya 1870, imekopeshwa kutoka makumbusho ya kampuni yenyewe kule Nazareth, Pennsylvania. Mpango ulikuwa Leigh aimbe na ya ukweli, kamera isimame, waweke kopi, halafu Russell avunje kopi. Kopi zilikuwa zimetengenezwa, ziko pale tayari. Shida ni moja tu: hakuna mtu alimshow Russell.

Martin walilipwa na bima, wakasema hawatakopesha filamu gitaa zao tena. Bima inalipa doh, lakini hailipi miaka 140.

Watu walicheka sana mtandaoni hiyo stori ilipotoka 2016. Mimi ilinibakishia swali. Kama jamaa ameishika kwa mikono yake mwenyewe na hakujua ni ya ukweli ama ni kopi, tofauti yenyewe iko wapi? Na kwa nini msee atoe maelfu ya dola kwa gitaa ya 1935 na kuna mpya inafanana nayo kama pacha? Nina sababu ya kuuliza. Niliwahi kuunguza doh ya fee kwa gitaa ya zamani. Tutafika hapo.

Kwanza tuelewane, gitaa ndogo ni gani

Ile gitaa kubwa unaona kanisani na kwa shoo za mtaa, yenye kiuno kipana na besi inavuma mpaka kifuani, kwa kawaida ni umbo la dreadnought. Sehemu yake pana zaidi ni kama sentimita 40. Gitaa ndogo ni zile zilikuwa kabla hiyo haijateka dunia. Martin walikuwa wanazipima kwa sifuri: 0 ni kama sentimita 34, 00 ni 36 hivi, 000 ni 38. Kwa hivyo sifuri zikiongezeka, mwili unaongezeka. Usiniulize kwa nini hawakutumia herufi kama watu wa kawaida. Gibson nao walikuwa na ukoo wa L, na maarufu zaidi ni L-00 ya miaka ya 1930, yenye upana wa kama sentimita 37 na nusu na kiuno chembamba.

Ukiskiza mbili zikipigwa pamoja, tofauti unaipata haraka. Kubwa inajaza chumba. Ndogo inakupa kila uzi peke yake: unagusa tu na sauti imetoka, kavu, ya katikati, bila besi kufunika mambo. Ndiyo maana watu wa kupiga kwa vidole wanazipenda, na ndiyo maana ukirekodi ngoma kwa bedsita yako na maiki moja, gitaa ndogo inakaa vizuri kwa miksi bila kupigana na sauti yako. Ed Sheeran alijaza viwanja na Martin moja ndogo hivi yenye mgongo wa karatasi iliyoshindiliwa kama ile ya kufunika meza za jikoni. Kwa hivyo mtu asikuambie ndogo ni ya watoto.

Na hii si lugha ngeni kwetu. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi 1952 kule Jadotville, leo Likasi, alikuwa anapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na unaskia kama watu wawili. George Mukabi na wenzake wa omutibo upande wa Luhya walitengeneza mziki mzima kwa gitaa kavu na chupa ya Fanta inakwaruzwa pembeni. Huo mtindo unadai gitaa inayojibu haraka. Besi ya kuvuma ingeuharibu.

Zilikuwa gitaa za watu wamesota

Kuna kitu wauzaji hawakuambiangi. Hizi gitaa ndogo ambazo leo zinawekwa nyuma ya kioo, nyingi zilikuwa za bei ya chini. L-00 ilikuwa kati ya Gibson za bei rahisi kabisa, na ilitoka wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya. Bado watu hawakuweza kuinunua, kwa hivyo Gibson wakatengeneza jina lingine la bei ya chini zaidi, Kalamazoo, lilioitwa kwa mji wa kiwanda chao kule Michigan. Modeli kama KG-11 na KG-14 hazikuwa na hata chuma ya kunyoosha shingo ndani. Ilitolewa ili kuokoa gharama. Mbavu za ndani, zile vijiti zinashikilia uso wa gitaa usibonyee, zilipangwa kama ngazi badala ya kuvukana kama herufi X, kwa sababu ngazi ni rahisi kutengeneza.

Na hapo ndipo utamu ulipotokea bila mtu kupanga. Mbao nyembamba, mbavu chache, vitu vyepesi. Gitaa nyepesi hutetemeka kwa urahisi, na kutetemeka ndiyo sauti. Wasee wa bluzi walizichukua kwa sababu ndizo waliweza kununua, wakarekodi nazo, na leo sisi tunaita huo mlio "wa kizamani". Kwa ile picha maarufu ya Robert Johnson amevaa suti, miguu imevukana, gitaa aliyoshika watu wengi wanaitambua kuwa Gibson L-1. Jamaa alirekodi 1936 na 1937, akafa 1938, na ile picha imeuza gitaa nyingi kuliko tangazo lolote.

Kuna stori nyingine ya hiyo kampuni ambayo inanibamba zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanaume walienda vitani, na kwa muda mrefu historia rasmi ilikuwa inasema kutengeneza gitaa kulisimama. Halafu mwandishi anaitwa John Thomas akapata picha ya zamani ya wafanyakazi wa kiwanda, imejaa wanawake. Akawatafuta wale walikuwa bado hai, akaandika kitabu, Kalamazoo Gals. Kumbe hao mamaa ndio walikuwa wanatengeneza gitaa miaka hiyo yote ya 1942 hadi 1945, zikiwemo LG-2, ndogo ambazo leo zinasakwa kama dhahabu. Thomas alipitisha gitaa kwa eksirei kulinganisha za wanawake na za wakati mwingine, na anadai zao zilisuguliwa kwa ustadi zaidi ndani. Miaka mingi watu walikuwa wanalipa pesa ndefu kwa "gitaa za vita" bila kujua jina la hata mmoja wa waliozitengeneza. Ukiwahi kuskia mtu anasifu "mikono ya wazee wa zamani", mkumbushe wengi wao walikuwa wasichana wa rika yako.

Kitu gani hasa kiko ndani ya ile ya zamani

Tuingie kwa mbao. Za kabla ya katikati ya miaka ya 1940 kwa kawaida zilikuwa na uso wa sprusi nyekundu ya milima ya mashariki ya Marekani, ile wanaiita Adirondack. Ni ngumu na nyepesi kwa wakati mmoja. Ilipoanza kuisha, kampuni zikahamia sprusi ya Sitka ya magharibi, ambayo bado ndiyo unaona kwa gitaa nyingi leo. Vipande viliungwa na gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo ikikauka inakuwa ngumu kama kioo. Vanishi ilikuwa nyembamba. Mbavu za Martin zilikuwa zimechongwa katikati ziwe nyepesi, mpaka 1944 walipoacha.

Waliacha kwa nini? Kwa sababu wateja walikuwa wanaweka nyuzi nzito ili wapige kwa sauti kubwa, gitaa zikaanza kuvimba tumbo na kurudi kwa kampuni. Kampuni haitaki gitaa zirudi. Kwa hivyo zikafanywa nzito, imara, na kidogo bubu. Gitaa yenye itaishi muda mrefu bila matata si lazima iwe ile yenye itaimba vizuri. Mafundi wa zamani walikuwa wanatembea kwa ukingo, na wakati mwingine walianguka.

Ndiyo maana ukiskia mtu anasema "siku hizo walikuwa wanatengeneza vitu vizuri", muulize zile mbaya ziko wapi. Zilivunjika, zikatupwa, zikachomwa. Zile tunaona leo ni zile zilivumilia, na mara nyingi ni zile mtu alizipenda mpaka akazitunza. Tunalinganisha bora za jana na zote za leo. Hiyo mechi haiko sawa.

Halafu kuna miaka yenyewe. Mbao inakauka polepole kwa miongo mingi, utomvu unakuwa mgumu, na sprusi ya miaka 90 inakuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Hii si ushirikina, kitu kinabadilika ndani ya mbao. Mabishano ni kama masikio yanaipata.

Kopi zinacopy nini

Miaka ya 1970 hakuna mtu alikuwa anataka gitaa ndogo. Mambo yalibadilika pole pole, na moja ya vitu vilisukuma ni Eric Clapton. Kwa MTV Unplugged ya 1992 alipiga Martin 000-42 ya 1939, dunia nzima ikaona gitaa ndogo ikifanya kazi kubwa. Martin walitoa kopi ya jina lake 1995, 000-42EC, gitaa 461 pekee, hesabu iliyotoka kwa albamu yake 461 Ocean Boulevard. Mwaka uliofuata ikaja 000-28EC ya bei ya chini kidogo, ambayo imekaa sokoni miaka na miaka. Ile gitaa yenyewe ya 1939 iliuzwa kwa mnada wa Christie's 2004 kwa dola 791,500. Wewe na mimi tubaki na za kopi, hakuna noma.

Kutoka hapo kila kampuni ikarudi kwa kabati lake la zamani. Gibson, ambao siku hizi gitaa zao zisizo za umeme hutoka Bozeman, Montana, wana L-00 mpya na LG-2 mpya. Lakini ile inanichekesha na kunipendeza kwa wakati mmoja ni Waterloo. Bill Collings, fundi wa Austin, Texas, aliyefariki 2017, alichukua Kalamazoo KG-14, ile gitaa ya bei ya kutupa niliyokuambia, akaipima kila kitu, akatengeneza WL-14: nyepesi, shingo yenye mgongo wa V, rangi isiyong'aa sana. Waterloo ndilo jina la zamani la mji wa Austin. Mpya inakuwanga zaidi ya dola 2,000. Yaani gitaa iliyozaliwa kwa sababu watu hawana kitu, sasa inanunuliwa na watu wenye wako nazo. Na kusema ukweli, wale wanaoipiga huwa hawateti.

Kopi nzuri zinafuata kila kitu kinachoweza kupimwa: unene wa uso, mbavu zilizochongwa, gundi ya ngozi, umbo la shingo. Kwa ile miaka ambayo haiwezi kupimwa, wamepata ujanja wa jiko. Mbao inaokwa kwa joto la kama nyuzi 200 ndani ya chumba ambacho karibu hakina hewa ya oksijeni, ili maji na utomvu vitoke haraka. Martin walileta ya kwao, VTS, mwaka wa 2015. Ukiona uso wa gitaa mpya una rangi ya asali kama chapati imekaa kidogo kwa moto, pengine umeokwa. Inasaidia, sauti inafunguka mapema. Lakini kuoka keki dakika 40 si sawa na kuiacha miaka 80, na hata wanaouza huwa wanachunga maneno.

Kuna kitu pia wanabadilisha kimakusudi, na hapo kopi inashinda wazi. Chuma ya shingo. Martin hawakuwa na chuma inayorekebishika mpaka 1985. Ya kale ikipinda, fundi anakuwa na kazi ya kuchanua. Ya leo, unazungusha ufunguo mdogo nusu raundi, umemaliza.

Masikio ya watu wengi hayawezi kutofautisha

Hapa wazee wa gitaa watanikasirikia, lakini majaribio yapo. 2010 kule Indianapolis, mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapiga fidla 21 fidla za zamani, zikiwemo za Stradivari, na mpya, kwa chumba chenye mwanga hafifu, miwani myeusi usoni. Wengi hawakuweza kusema ni ipi ya zamani, na iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya. Wakarudia Paris na wapigaji wakubwa 10, matokeo yaliyotoka 2014 yakaelekea huko huko.

Kwa gitaa, watu wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitoa utafiti 2018. Gitaa sita zinazofanana kila kitu isipokuwa mbao ya mgongo na ubavu, kutoka mahogani ya kawaida mpaka rozwudi ya Brazil ya bei ya kutisha. Wapigaji 52, gizani. Kwa sauti, tofauti ilikuwa karibu hakuna. Ile rozwudi ambayo watu hulipa maelfu juu yake haikuwashinda wenzake.

Usiharakishe kusema basi yote ni uongo. Hilo jaribio la Lancaster lilihusu mgongo, si uso, na uso ndio unafanya kazi kubwa. Na halikupima kile mtu anaskia mkononi: shingo iliyolainika na vidole vya watu watatu, mwili mwepesi unaotetemeka kwa mbavu zako. Hiyo inakufanya upige tofauti, na ukipiga tofauti mziki unatoka tofauti. Mimi naamini hapo ndipo vinteji inapata sifa zake nyingi. Inamfikia anayepiga kabla haijamfikia anayeskiza.

Sasa ile stori yangu

Nilikuwa mwaka wa pili campo. Jamaa mmoja kwa mtandao aliweka gitaa ndogo, nyeusi pembeni na njano katikati, umbo kama L-00 kabisa. Akasema ni ya miaka ya sitini, iliachwa na mzungu fulani aliyehama. Haikuwa na jina kichwani. "Jina lilifutika juu ya umri," akanieleza, na mimi na akili zangu nikaona hiyo inamake sense. Nilimpa 14,000, doh ambayo mzee alikuwa ametuma ya kumalizia fee. Hiyo haikuwa sababu ya mimi kuacha shule, lakini haikusaidia.

Nyuzi zilikuwa zimesimama juu ya shingo kama kamba za kuanika nguo. Nikajiambia ndio vile gitaa za zamani hukuwa. Wiki tatu vidole vimechubuka, nikaenda kwa fundi mmoja mtaani. Mzee hakuongea. Alichukua rula ndefu, akailaza juu ya freti, akaisukuma mpaka kwa daraja, ile sehemu ya mbao inashika nyuzi. Rula ikagonga daraja chini, karibu na uso wa gitaa. "Ingepaswa kufika hapa juu," akasema. Shingo ilikuwa imelala mbele miaka na miaka kwa kuvutwa na nyuzi. Kuirekebisha unaitoa shingo yote kwa mvuke, unaichonga, unairudisha. Gharama yake ilikuwa karibu ile nilinunua gitaa.

Halafu akawasha tochi ya simu kwa ukingo wa tundu. "Angalia hapa, kijana. Unaona nini?" Niliona mistari mitatu imelaliana kama mkate wa sandwich. "Hii ni plaiwudi." Kwa mbao ya ukweli, ile mistari ya juu ya uso inashuka moja kwa moja kwa ukingo. Kwa plaiwudi unaona matabaka. Nilikuwa nimenunua gitaa ya zamani, sawa. Lakini plaiwudi ya zamani ni plaiwudi tu. Miaka haibadilishi kitu ambacho hakikuwa na kitu.

Tangu hiyo siku, nikishika gitaa yoyote inayoitwa vinteji, hata kama ni ya sonko, nafanya vitu vya yule mzee kwanza. Rula. Ukingo wa tundu. Napima urefu wa uzi mnene kwa freti ya 12: milimita mbili na nusu hivi ni poa, ikipita tatu na nusu naanza kuuliza maswali. Naangalia nyuma ya daraja kama uso umevimba. Uvimbe kidogo ni kawaida kwa gitaa nyepesi, lakini daraja likiwa limeanza kunyanyuka mpaka karatasi inapita chini, wacha. Naingiza mkono ndani, nagonga mbavu kwa kidole, nikiskia kitu kinachechea najua gundi imeachana. Mpasuko uliozibwa vizuri haunitishi. Kinachonitisha ni muuzaji anayekataa nitoe rula.

Doh na makaratasi

Ukitaka L-00 ya miaka ya 1930 yenyewe, jipange kwa dola elfu kadhaa, na usisahau gharama za kuisafirisha, ushuru na kazi ya fundi ambayo karibu kila moja itahitaji siku moja. Ila kuna kitu kinaisaidia: nyingi ni mgongo wa mahogani. Martin za zamani za mtindo wa 28 na 42 zina mgongo wa rozwudi ya Brazil, ambayo kampuni iliacha kutumia kwa gitaa zake za kawaida mwaka wa 1969. Mkataba wa CITES uliiweka kwa orodha kali kabisa 1992. Maana yake ni kwamba kuivusha mpaka bila vibali inaweza kukufanya upokonywe gitaa uwanja wa ndege ukiangalia. Na isikudanganye kwamba ni mambo ya huko mbali. Januari 2017 jamii yote ya rozwudi iliingizwa kwa orodha ya pili ya CITES, na mpingo wetu huu wa Tanzania na kwingine, ule wa vinyago na klarineti, ni wa jamii hiyo hiyo. Vyombo vya mziki vilivyokamilika vililegezewa mwishoni mwa 2019, lakini rozwudi ya Brazil haikuguswa na huruma hiyo.

Kopi mpya ya Marekani kutoka Gibson, Waterloo ama 000-28EC ya Martin itakukula dola 2,000, 3,000 na kupanda. Kwa hiyo bei unapata gitaa iliyonyooka, yenye waranti ya kampuni na chuma kwa shingo, na ukiiangusha hujavunja historia ya mtu. Kama unapiga shoo, unapanda mat na gitaa mgongoni, unatoka Nairobi kavu ya Januari unaingia Mombasa yenye jasho, mimi nakwambia bila kupepesa macho: chukua kopi. Gitaa nyepesi ya miaka 90 inataka hewa isiyobadilika sana, unyevu wa kama asilimia 45 hadi 55, na wewe unaishi keja ya mabati. Mtapigana.

Ya zamani inaeleweka kwa mtu wa studio, anayekaa mahali pamoja, mwenye fundi anayemwamini, na aliyeishika hiyo gitaa moja mahususi ikamkataza kuiweka chini. Hapo siwezi kubishana naye. Lakini nunua ile gitaa, usinunue mwaka. Kuna L-00 za 1935 zimekufa sauti na kuna moja tu kwa kumi yenye itakufanya unyamaze. Kopi kwa upande wake zinafanana, ukichukua hii ama ile huanguki sana.

Na kwa sisi wa bajeti ya ukweli, kuna mlango wa nyuma. Epiphone, ambayo iko chini ya Gibson tangu 1957, wana L-00 yao ya bei ya chini sana. Yamaha FS800, F ya folk na S ya mwili mdogo, ina uso wa sprusi ya ukweli, si plaiwudi, na ni ya bei ambayo mtu wa kazi ya mkono anaweza kuweka akiba miezi michache akapata. Haitakuwa KG-14. Ila ukiweka nyuzi nyepesi na fundi akashusha kimo cha daraja kidogo, unapata ile sauti kavu ya katikati kwa asilimia kubwa, na hutaibiwa ukisinzia kwa mat ukalia kama umepoteza mtu.

Ile yangu ya 14,000 bado niko nayo, imening'inia kwa ukuta juu ya kitanda. Sikuirekebisha shingo. Yule fundi aliniambia nitoe nyuzi za chuma, niinue daraja nitumie kama ya kupiga na chupa, slaidi, ambapo nyuzi zikisimama juu ndio vizuri. Nilibisha, nikajaribu, nikanyamaza. Kwa shingo iliyolala na plaiwudi yake, na shingo ya chupa ya soda kwa kidole changu cha pete, inalia vibaya kwa njia ambayo hakuna kopi imewahi kunililia. Jirani wa chini amenigongea dari mara mbili wiki hii.